Tofali la Kuazima: Mtoto wa Mtendeli na Haki ya Kutunga Mchezo Wake

Kuna kauli inayorudiwa katika warsha, makongamano na hotuba za wafadhili hadi imegeuka kuwa kama itikio la dua: kila mtoto wa Tanzania ajifunze kuprogramu kompyuta. Sina ugomvi na kauli hiyo. Ugomvi wangu ni na yale yanayofuata baada ya makofi. Hukabidhiwa kompyuta, hukatwa utepe, hupigwa picha, na ripoti huandikwa ikitaja idadi ya mashine zilizogawiwa. Swali moja huachwa mlangoni: mtoto atakapoiwasha mashine hiyo, atakutana na maneno gani, ya lugha gani, na je, kwa maneno hayo ataweza kuiamuru ifanye kitu alichokiwaza yeye mwenyewe?

Naliuliza swali hili kwa niaba ya Mtendeli. Mtendeli iko katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Watanzania wengi walilijua jina hilo kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Burundi ilipoingia katika machafuko mwaka 2015, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyokuwapo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilifurika, na Mtendeli ikafunguliwa mwanzoni mwa 2016 ili kuipunguzia mzigo. Kufikia mwisho wa 2021 ilikuwa imefungwa na wakimbizi wake kuhamishiwa Nduta, wilayani Kibondo. Kwa miaka hiyo, katika ardhi hiyohiyo, watoto wa umri mmoja walisoma kwa njia mbili. Wa kambini walifuata mtaala wa Burundi, wenye Kirundi na Kifaransa. Wa kijijini walisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha wakatumbukizwa katika Kiingereza siku ya kwanza ya kidato cha kwanza.

Nimeichagua Mtendeli kwa sababu hiyo. Chombo cha kufundishia kitakachomfaa mtoto wa pale kitamfaa mtoto wa popote Afrika Mashariki. Chombo kitakachomshinda mtoto wa pale, hata kikisifiwa vipi Dar es Salaam, ni pambo la ukumbini.

Chombo ninachokizungumzia ni kile cha kuprogramu kwa matofali. Badala ya mtoto kuandika mistari ya msimbo ambayo nukta moja ikikosewa kazi yote husimama, huletewa vipande vya rangi kwenye skrini, kila kimoja kikiwa na agizo lake: sogea hatua 10, geuka, toa sauti, rudia mara 4. Huvivuta na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Umbo la kipande humlinda asikosee, kwa sababu kisichofaa mahali fulani hakiingii hapo. Haupiti muda mrefu paka anatembea kwenye skrini. Baada ya siku chache paka huyo anakwepa mawe na kuhesabiwa alama, na mtoto aliyemtunga anawaita wenzake waje washindane.

Mizizi ya wazo hili ni ya mwaka 1967, pale Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipobuni lugha ya Logo nchini Marekani pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Kwa Logo, mtoto aliweza kumwongoza kobe wa kompyuta achore maumbo. Mwaka 2007 warithi wa fikra hizo katika chuo cha MIT, wakiongozwa na Mitchel Resnick, waliitoa Scratch kwa umma. Mwaka 2012 Google wakatoa Blockly, na toleo la tatu la Scratch la mwaka 2019 likajengwa juu ya msingi huo. Vyote viwili ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadili na kujenga juu yake.

Msomaji wa historia yetu atakuwa ameushtukia mwaka huo. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha, ndio mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, na ndio mwaka lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Papert alitaka mtoto ndiye aipangie kompyuta kazi, si kompyuta impangie mtoto. Nyerere aliikataa elimu ya kumezeshwa, inayomwandaa kijana kumtumikia mwingine bila kuuliza. Fikra hizi mbili ni za rika moja. Zaidi ya nusu karne imepita, na sisi tuliopewa dhamana ya vyuo vikuu hatujazikalisha meza moja.

Najua nitakavyojibiwa: Kiswahili kimo tayari katika orodha ya lugha za Scratch. Ni kweli kimo, na waliojitolea kukiingiza wanastahili shukrani. Lakini tuulizane kwa uwazi kinachofanyika katika tafsiri ya namna hii. Chombo kimebuniwa kwa Kiingereza. Mpangilio wa kila tofali ni wa sentensi ya Kiingereza. Mfasiri hupewa orodha ya maneno na kuambiwa ajaze upande wa pili. Akiwa hana uzoefu atafungua kamusi na kuokota neno la kwanza. Tofali litageuka kuwa kizuizi. Marudio yatakuwa kitanzi, neno ambalo kwa mtoto wa Kibondo ni kamba ya kunasia mnyama au ya kujinyongea. Agizo la kuanzisha programu litakuwa «kimbia», naye mtoto atangoje paka akimbie. Hapo msomi atahitimisha, kwa huzuni ya uongo, kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi.

Maneno, hata hivyo, ni sehemu nyepesi ya tatizo. Kamati ya watu watano wenye akili timamu inaweza kuyarekebisha kwa wiki moja: «rudia» badala ya kitanzi, «anza» badala ya kimbia, «mhusika» kwa yule paka, «kapu» kwa mahali pa kuhifadhi alama zinazobadilika. Sehemu nzito ni sarufi, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Chukua sharti jepesi kuliko yote katika mchezo: kitu kikifika pembeni mwa skrini, kirudi. Kwa Kiingereza, mbuni huandika tofali moja lenye neno la sharti, nafasi tupu ya jina, kitendo kisichobadilika, basi. Ukitia mpira, gari au ndege katika nafasi hiyo, kitendo kinabaki vilevile. Kwa Kiswahili haiwezekani. Tunasema: mpira ukigusa ukingo, urudi. Gari likigusa ukingo, lirudi. Ndege akigusa ukingo, arudi. Kisu kikigusa ukingo, kirudi. Jina likibadilika, kitendo nacho hubadilika, kwa sababu ngeli ndiyo uti wa mgongo wa lugha yetu. Na sharti lenyewe si neno la kusimama peke yake mbele ya sentensi. Ni silabi moja, «ki», iliyokaa ndani ya kitendo. Ukililazimisha tofali la Kiingereza livae kanzu ya Kiswahili, utapata «ikiwa gari kugusa ukingo basi rudi». Mtoto wa darasa la tatu Mtendeli, ambaye huenda nyumbani kwao wanazungumza Kiha, atajua mara moja kwamba hakuna mtu anayesema hivyo. Somo la kwanza atakalolipata kuhusu kompyuta ni kwamba mashine hii haisemi kama watu.

Hapa ndipo wenzangu wengi huinua mikono na kusema: basi tumfundishe Kiingereza kwanza. Mimi naona wanakimbia pale hasa ambapo palikuwa na hazina.

Tazama neno «akinigusa». Lina vipande vinne: «a» ni mtendaji, «ki» ni sharti, «ni» ni mtendwa, «gusa» ni tendo. Badilisha kipande cha kwanza, umebadilisha mhusika. Badilisha cha pili kiwe «li» au «ta», umebadilisha wakati. Badilisha cha tatu, umebadilisha anayeguswa. Mpangilio haubadiliki, na kipande kisichofaa mahali fulani hakiingii hapo. Ndugu msomaji, hayo ndiyo maelezo niliyoyatoa aya chache zilizopita nilipoeleza kuprogramu kwa matofali. Kitenzi cha Kiswahili kimejengwa kwa matofali tangu kabla ya kuwapo kompyuta, na mtoto wetu anayapanga kila siku bila kufundishwa na mtu. Wabunifu wa Marekani walilazimika kuunda vipande vya rangi ili kumwonyesha mtoto wao kitu ambacho mtoto wa Mtendeli anakitenda kila afunguapo kinywa.

Kwa hiyo chombo kinachostahili kutengenezwa kwa ajili ya watungaji wachanga wa michezo katika nchi hii si tafsiri. Ni chombo ambacho mtoto akichagua gari, tofali la kitendo lenyewe linavaa «li». Akichagua mpira, linavaa «u». Ni chombo ambacho sharti, wakati, mtendaji na mtendwa ni vipande vidogo vya kupachika ndani ya kitenzi kimoja. Kwa mtaalamu wa kompyuta, hilo ni jedwali la ngeli na kanuni chache za kuunganisha viambishi, juu ya msingi huria ambao tayari upo. Si kazi ya miujiza. Ni kazi ya mradi wa mwaka wa mwisho wa wanafunzi wawili wazuri, mmoja wa kompyuta na mmoja wa isimu, wakipata msimamizi anayejali.

Hata ugumu wa ngeli una njia yake ya mkato ndani ya utamaduni wetu. Katika ngano, kitu kikipewa kinywa cha kusema hupewa pia ngeli ya watu: chungu akacheka, jiwe akakasirika, mwezi akajibu. Mtungaji wa mchezo naye anavipa vitu uhai. Chombo kinaweza kumwuliza mtoto: je, gari lako ni kitu, au ni mhusika? Akijibu kwamba ni mhusika, basi «akigusa ukingo, arudi». Hapo mtoto amejifunza sarufi, fasihi na mantiki ya kompyuta katika swali moja.

Na faida haiishii kwa Mswahili. Mrundi anaposema «ndagukunda» ameunganisha vipande vya aina ileile ambayo sisi huiunganisha tukisema «ninakupenda»: mtendaji, wakati, mtendwa, tendo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana. Chombo kilichojengwa kwa mantiki ya ngeli na viambishi kinaweza kuhamishiwa Kirundi, Kiha au Kiganda kwa kubadilisha jedwali, bila kubomoa msingi. Mtoto wa kambini na mtoto wa kijijini, waliotenganishwa na mitaala, wangekutana hapo. Tafsiri ya Kiingereza haiwezi kuwakutanisha. Itawasubirisha wote wawili kwenye foleni ileile.

Nije sasa kwa wapinzani, maana wapo, nao wanakaa vitini.

Wa kwanza anasema Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta, kwa hiyo tunawachelewesha watoto. Kompyuta haijui Kiingereza. Inajua umeme uliopo na umeme usiokuwapo. Maneno yote yaliyo juu ya hapo ni makubaliano ya watu. Atakayeendelea mbele atajifunza maneno machache ya Kiingereza ya lugha za kuprogramu, kama mwanamuziki anavyojifunza maneno ya Kiitaliano bila kwanza kuwa Mwitaliano. Lakini fikra ya sharti, marudio na mfuatano huzaliwa katika lugha ambayo mtu anaiotea ndoto. Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Lugha iliyobeba hila za Shylock haiwezi kushindwa na paka anayetembea hatua 10.

Wa pili anasema michezo ni upuuzi. Watoto wafundishwe mambo ya maana. Huyu hajawahi kumtazama mzee akicheza bao. Mashimo 32, kete 64, na kanuni inayosema: endelea kusambaza kete hadi ya mwisho iangukie shimo tupu. Hiyo ni programu kamili yenye marudio na sharti la kusimama, na wazee wa Burundi na Rwanda wana ya kwao katika igisoro. Mtoto akitunga mchezo analazimika kuamua kanuni, kuzijaribu, kuona zilipokosewa na kuzirekebisha, huku mwenzake akimwambia bila huruma kwamba mchezo wake hauna ladha. Nitajieni zoezi la darasani linalompa mtoto hayo yote kwa mpigo.

Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mwenzangu wa chuo, anasema matofali si kuprogramu kwa kweli. Kozi mashuhuri ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Harvard, CS50, huwaanzisha wanafunzi wake kwa Scratch. Kama Harvard hawaoni aibu, sijui sisi aibu tumeitoa wapi.

Wa nne anazungumzia umeme, mashine na mtandao. Huyu namsikiliza, kwa sababu hoja yake ina udongo wa nyumbani. Kibondo na Kasulu ziliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na gridi ya taifa imezifikia juzi tu. Vijijini kompyuta ni chache, simu janja ni nyingi zaidi. Lakini hiyo ni sababu ya kukibuni chombo vizuri, si ya kuacha. Kifanye kazi ndani ya simu ya bei ndogo, kisihitaji intaneti baada ya kupakuliwa, na mchezo uliotungwa uweze kuhamishwa kutoka simu hadi simu kama tunavyohamishiana nyimbo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, kimekuwa kikitengeneza chombo huria cha aina hiyo kwa ajili ya simu, kiitwacho Pocket Code. Austria, msomaji, nchi ambayo watoto wake hawana upungufu wa kompyuta.

Wapo pia wanaosema kwamba mwenye kipaji atafika tu, na hutolewa mfano wa Lual Mayen. Kijana huyu wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta mpakato, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akatunga mchezo uitwao Salaam, unaohusu kukimbia vita na kuitafuta amani, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo kubwa za michezo ya kompyuta nchini Marekani. Namvulia kofia, na zaidi namvulia mama yake. Lakini habari yake inatushtaki. Taifa haliwezi kupanga elimu kwa kutegemea akina mama watakaojinyima miaka mitatu na watoto watakaotembea saa tatu. Waliokuwa na kipaji kama chake na hawakupata mama wa namna ile, hatutayajua majina yao kamwe.

Basi lawama iende wapi? Ni rahisi kuitupia serikali, nayo ina sehemu yake: mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeliacha palepale lile daraja lililovunjika kati ya shule ya msingi na kidato cha kwanza. Lakini safari hii nailaza lawama mlangoni kwetu wenyewe, wahadhiri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa ishara kwamba kazi hii inawezekana na kwamba watu wa kuifanya tunao. Miaka ishirini na zaidi baadaye, idara za kompyuta na taasisi za Kiswahili zinaishi chuo kimoja kama majirani wasiosalimiana. Mwanaisimu anaandika makala juu ya viambishi, anaichapisha katika jarida linalosomwa na wachache, anapanda cheo. Mwanakompyuta anaandika makala kwa Kiingereza, naye anapanda cheo. Atakayetumia miaka miwili kutengeneza chombo ambacho mtoto wa Mtendeli atakitumia, hata kama watoto laki moja watakitumia, atakuta kwenye fomu ya kupandishwa cheo hakuna sanduku la kuandika jambo hilo.

Ninachodai ni mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili wa nje. Kwanza, vyuo vyetu vikitambue chombo kinachotumika na umma kuwa kazi ya kitaaluma sawa na makala iliyochapishwa. Pili, idara moja ya kompyuta na taasisi moja ya Kiswahili ziketi pamoja, zichukue msingi huria uliopo, na zijenge matofali yanayofuata sarufi yetu, huku BAKITA wakihusishwa tangu siku ya kwanza badala ya kuletewa orodha ya istilahi kazi ikiwa imekwisha. Tatu, jaribio la kwanza lisifanyike Mlimani wala Masaki. Lifanyike Mtendeli, Nduta na Kasulu, mbele ya watoto watakaosema kweli. Wasipoelewa tofali, tofali ndilo lenye makosa, na lirudishwe kwa fundi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Tumeazima mashine, na hilo halina aibu, kwa kuwa hakuna taifa lililobuni kila kitu. Tumeazima na wazo la matofali, na waliolibuni wametupa kwa moyo mweupe, msimbo wazi na ruhusa ya kubadili. Kilichobaki ni kazi ambayo hakuna Mmarekani wala Mwaustria anayeweza kutufanyia, kwa sababu yeye haijui «ki» ya «akigusa», wala hajasikia jiwe likipewa ngeli ya watu katika hadithi ya jioni. Tusipoifanya sisi haitafanywa, na mtoto wa Mtendeli ataendelea kucheza michezo iliyotungwa na wengine, kwa maneno ya wengine, akiamini kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyoumbwa.